Jina la Kenya, kama nilivyoliona nikipokea wageni Lamu

Mtu wa Nairobi akitaka kujua Kenya inasemwaje ulimwenguni hungoja taarifa ya habari ya jioni. Sisi tunaopokea wageni Lamu huambiwa mapema kuliko yeye. Mgeni aliyekwisha kulipa nusu huandika kuuliza kama atarudishiwa pesa zake, na kabla hujamaliza kumjibu, wa pili naye ameandika. Hapo ndipo unapowasha redio kutafuta kilichotokea.

Nyumba yetu iko Mkomani, ya ghorofa mbili, kuta za matumbawe na boriti za mikoko, na vyumba vichache tunavyokodisha tangu uhai wa marehemu mama. Nilianza kwa kubeba sinia ya chai na mahamri nikiwa msichana mdogo. Leo mimi ndiye mwenye funguo. Sijawahi kufanya kazi nyingine. Kwa hivyo ninaposema heshima ya Kenya huko nje imeshuka, na kwamba uongozi mbaya umeishusha kuliko ukame, umaskini au adui yeyote, sisemi la kusikia. Nimelilipia.

Wazee wetu waliishi na jina zuri. Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alikuwa baharia wa meli za kigeni, akashuka Aden, Karachi, Basra na bandari nyingine ambazo majina yake alikuwa akitutajia tukimkanda miguu. Alituambia kwamba enzi hizo pasipoti ya Kenya haikumletea mtu maswali. Afisa wa bandari akiiona humtajia Kipchoge Keino, hugonga muhuri, basi.

Mimi mwenyewe niliona thamani ya jina hilo mwaka 1991, Somalia ilipovunjika. Mashua zilikuja kutoka Kismayu na visiwa vya Wabajuni zimejaa watu, akina mama na watoto migongoni, vyombo vyao ni sufuria na mkeka. Walielekea huku kwa sababu walijua Kenya ni nchi ya mtu kukimbilia, na wengine walikuwa na ndugu Faza, Kizingitini na hapa mjini. Haikupita miaka mingi, Nairobi ikawa mahali ambapo majirani wakipigana huletwa wakae wasikizane. Wasomali walizungumza Eldoret na Mbagathi mpaka serikali yao ya mpito ikaundwa mwaka 2004. Wasudani walizungumza Machakos na Naivasha chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo, na mkataba wao wa amani ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Wangari Maathai alikuwa ametoka tu kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wageni wa miaka hiyo wakifika hapa walikuwa na maneno ya kheri kuhusu nchi yetu hata kabla hawajaiona bahari.

Mmoja wao alikuwa mzee wa Norwe aliyefanya kazi ya misaada Sudan kwa muda mrefu. Jioni moja tumekaa juu darini akaniambia kwamba Wakenya tuna kitu kimoja ambacho nchi tajiri haziwezi kukinunua: pande zote mbili za vita zinatuamini. Alinisihi tusikipoteze. Maneno yake nimeyakumbuka mara nyingi tangu Februari 2025, nami nitalifikia hilo.

Pigo la kwanza lilitokana na uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya nusu milioni wakayahama makazi yao. Januari kwetu ndiyo mwezi wa kilele, kaskazi inavuma na Ulaya kuna baridi, lakini Januari 2008 vitanda vyetu vilikaa vimetandikwa bila mtu wa kuvilalia. Mtaani kwetu hapakuvunjwa hata dirisha. Haikusaidia kitu, kwa maana mgeni hafungi safari ya mtaa wa Mkomani, hufunga safari ya Kenya. Kofi Annan akaja, mapatano yakatiwa sahihi tarehe 28 Februari, na ulimwengu ukatusamehe upesi. Mimi naamini wakubwa wetu walijifunza somo baya hapo. Waliona kwamba nchi ikichafuka atatafutwa mtu wa nje mwenye busara aisafishe, kisha wao waendelee na walilokuwa wakilifanya.

Yaliyotupata mwaka 2011 yalikuwa mazito zaidi kwa sababu yalitupata hapahapa. Septemba mwaka huo watu wenye bunduki walivamia Kiwayu, wakamuua Mwingereza na kumchukua mkewe. Haukupita mwezi, tarehe 1 Oktoba, wakaingia Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari tu kutoka Shela, wakamchukua mama wa Kifaransa nyumbani kwake. Alikuwa mlemavu, mtu mzima, na manahodha wa hapa walimjua kwa jina. Alifia Somalia mikononi mwa waliomteka. Katikati ya Oktoba jeshi letu likavuka mpaka.

Uingereza na Ufaransa ziliwaonya raia wao wasije, na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kazi ya bima. Watu hudhani mgeni akiogopa haji, asipoogopa huja. Sivyo. Nchi yake ikishatoa tahadhari ya usafiri, kampuni ya bima haitamlipa akiumia, na wakala wa safari hamuuzii safari hata akimbembeleza. Nilikuwa na wageni waliokuja kila mwaka, wengine tangu siku za mama, waliojua bei ya mabuyu na majina ya punda wa jirani. Walitaka kuja. Mmoja alilia kwenye simu. Hawakuja, na ami aliyekuwa akikaa nje kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, kuwasubiri alisema kwa sauti ya kuchoka, "Yeo hawaji, na kesho hawaji."

Tahadhari hizo zina dhuluma yake, na hilo nimelisema kwa kila aliyenisikiliza. Mtu aliye ofisini London huchora mstari kwenye ramani, na kisiwa chetu, Shela, Matondoni na Kipungani zikapakwa rangi moja na msitu wa Boni, mahali ambapo hata sisi hatuendi. Miji yao wenyewe ikilipuliwa, hatusikii watu wakikatazwa kuitembelea. Inauma. Lakini serikali yenye uzito hukaa na wenye tahadhari hiyo, ikawaonyesha doria zilizopo, ikawauliza ni hatua gani ikichukuliwa mstari utasogea, kisha ikazichukua. Yetu ililalamika kwamba tunaonewa na maadui wa utalii wetu, magazeti yakaandika, kisha ukimya mpaka mkasa mwingine.

Mkasa mwingine ulikuwa Mpeketoni.

Mei 2014 mamia ya watalii wa Kiingereza walikuwa wamekatizwa likizo na kurudishwa kwao kwa ndege kutoka Mombasa, kwa hivyo tulijua hali si nzuri. Usiku wa tarehe 15 Juni, watu wa Mpeketoni wakiwa wamekaa kutazama Kombe la Dunia, washambuliaji waliingia mjini. Usiku huo na katika mashambulizi yaliyofuata siku na wiki zile, zaidi ya watu 60 waliuawa katika kaunti yetu. Nilikuwa nikinunua mboga kwa mama mmoja wa huko aliyekuwa akishuka na boti ya Mokowe. Alipoteza mume na shemeji yake, na sikumwona tena sokoni.

Al-Shabaab walisema ni wao. Rais Uhuru Kenyatta akahutubia taifa akasema si wao, ni mitandao ya kisiasa ya hapa nyumbani. Gavana wetu akakamatwa, na hakuna hatia yoyote iliyothibitishwa juu yake. Mimi wakati huo nilikuwa na wageni wawili tu ndani ya nyumba, mtu na mkewe kutoka Uholanzi, na asubuhi wakaniuliza swali jepesi: ni nani aliyewaua watu wale? Sikuwa na la kuwaambia. Wauaji walikuwa na jibu lao, rais wangu alikuwa na jibu lake, na waliofiwa hawakuulizwa. Wale wageni hawakuondoka siku ile kwa hofu. Waliondoka siku ya tatu, baada ya kusikiliza habari na kuona kwamba wenye nchi hawaafikiani hata juu ya adui ni nani. Tangu hapo nimeona jambo hilo likijirudia. Mgeni huivumilia hatari, maana hatari iko kila mahali. Asichokivumilia ni kuona anayepaswa kumlinda anaishughulikia siasa yake kwanza.

Ikafuata kafyu, na marufuku ya kuvua usiku iliyodumu kwa miaka. Anayeijua bahari ya Lamu anajua maana ya amri hiyo. Jarife, wavu mkubwa wa bahari, hutegwa usiku. Kuna nyumba Shela na Wiyoni ambazo chakula chake chote hutoka majini baada ya magharibi. Bei ya samaki ilipanda, vijana wakauza nyavu, wengine wakauza mashua zenyewe. Nami nikalazimika kumsimamisha mpishi wangu, mama aliyenifunza kupika samaki wa kupaka, akaenda Mombasa kufua nguo za watu. Nimesikiliza hotuba nyingi za usalama tangu wakati huo. Sijasikia hata moja iliyomtaja mtu kama yeye.

Wanaodhani heshima ya nchi ni jambo la mabalozi peke yao waje wasome habari za bandari yetu. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alikuja Lamu pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari ya gati 32, reli, barabara, na bomba la mafuta kutoka Sudan Kusini. Tuliona helikopta, tuliona mazulia yametandikwa kwenye vumbi la bara. Aprili 2016 Uganda, ambayo nayo ilitarajiwa kupitisha mafuta yake huku, ikaamua bomba lake lipite Tanga nchini Tanzania. Usalama wa njia yetu ulitajwa, na gharama ya ardhi ikatajwa. Jirani, rafiki wa miaka yote, alizitazama nchi mbili akachagua iliyomtuliza moyo. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na hadi leo bomba la Sudan Kusini halijafika. Nilisikia wakubwa wakieleza uamuzi wa Uganda kuwa ni hila za washindani wetu. Sikusikia yeyote akiuliza kwa nini mtu wa Kampala aliiona barabara ya kuelekea Lamu kuwa ya kuogopwa, ilhali sisi wa huku tumekuwa tukipiga kelele kuhusu barabara hiyo tangu zamani, basi zetu zikisindikizwa na askari.

Na kuna habari ya mpaka wa bahari, ambayo Wakenya wengi wameshaisahau lakini kwetu bandarini haisahauliki. Tangu tangazo la mwaka 1979 Kenya ilishikilia kwamba mpaka wake na Somalia baharini unakwenda mashariki sawasawa na mstari wa latitudo. Somalia ikasema unapaswa kuelekea kusini-mashariki, na Agosti 2014 ikatushtaki mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Eneo lenyewe linazidi kilomita za mraba 100,000. Ndani yake mna samaki, na huenda mna mafuta na gesi. Tuliomba kesi iahirishwe zaidi ya mara moja, tukaahirishiwa. Machi 2021, siku ya kusikizwa ilipofika, Kenya ikakataa kuhudhuria. Tarehe 12 Oktoba hukumu ikatoka. Mahakama ikakataa hoja kwamba Somalia ilikuwa imeukubali mpaka wetu kwa kunyamaza, ikachora mstari wake, na sehemu kubwa ya eneo lile ikaenda Somalia. Serikali ikasema haiitambui hukumu.

Nahodha mmoja jirani yetu, mtu asiyependa maneno mengi, alisema barazani kwamba mtu akishtakiwa kwa ajili ya shamba la baba yake, siku ya kesi huamka alfajiri awe wa kwanza mlangoni. Wazee wote waliitikia kwa kichwa. Huenda tungehudhuria na bado tukashindwa. Lakini tungekuwa tumesikizwa, na ulimwengu ungetuona tukitetea haki yetu kwa hoja. Nchi ndogo hazina manowari za kutishia mtu. Ngao yetu ni sheria, na nchi iliyosusia mahakama siku isiyoipendeza haina uso wa kumwambia mwenzake aiheshimu siku nyingine.

Nataka pia kusema mazuri, kwa kuwa nimeyaona na nina haki ya kuyasema. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais aliye madarakani, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa na mahakama yoyote Afrika. Wiki ile nilipata barua za pongezi kutoka kwa watu ambao hawakuwa wameniandikia tangu Mpeketoni. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokuwa kijengwe Kwasasi, upande wa bara, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nilikuwa miongoni mwa akina mama waliotembea na mabango kando ya bandari. Tulisimama na wavuvi, na maalimu, na mafundi wa mashua, tukaambiwa tunapinga maendeleo. Mji wetu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na watu wa mbali waliifuatilia kesi ile. Waliposikia kwamba wavuvi na akina mama wa Lamu wameishinda kampuni kubwa iliyoungwa mkono na serikali, waliiheshimu Kenya zaidi kuliko walivyowahi kuiheshimu kwa tangazo lolote la utalii.

Hata viongozi, wakitaka, wanaweza. Februari 2022 Balozi Martin Kimani alisimama katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuzungumzia Ukraine. Alisema mipaka ya Afrika ilichorwa London, Paris na Lisbon bila kutuuliza, na bado tuliamua kuishi nayo kuliko kumwaga damu tukitafuta mingine. Niliwatumia wageni wangu hotuba ile yote. Nilijivuna.

Miezi saba baadaye, Septemba 2022, rais mpya William Ruto alikuwa ameapishwa jana yake tu alipoandika kwenye Twitter kwamba Kenya imeacha kuitambua Jamhuri ya Sahara Magharibi. Kisha maneno yakafutwa. Kisha wizara ikatoa maelezo mengine. Msimamo wa taifa zima juu ya haki ya watu wengine uliandikwa na kufutwa kana kwamba hakuna anayeusoma. Wapo waliousoma.

Tangu hapo mambo yamekuwa yakifuatana. Desemba 2023 waasi wa Kongo walitangaza muungano wao wakiwa Nairobi, na Kinshasa ikamwita balozi wake nyumbani. Februari 2024 tuliingizwa katika orodha ya kijivu ya nchi zisizodhibiti vyema pesa haramu, na mimi ninayepokea malipo kutoka nje nikaanza kuombwa karatasi ambazo sikuwahi kuombwa. Mei 2024 rais alipokelewa Washington kwa heshima kubwa, mizinga na karamu. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni, polisi wetu wa kwanza walitua Haiti kuwalinda raia wa huko, na siku hiyohiyo, Nairobi, polisi wakawapiga risasi vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha. Picha hizo mbili zilionyeshwa duniani kote katika taarifa moja ya habari. Mwanangu wa kiume alikuwa chuoni Nairobi. Sikulala mpaka aliponipigia alfajiri.

Mswada uliondolewa kesho yake, lakini walikuwa wameshakufa watu, na katika miezi iliyofuata wengine wakawa wanachukuliwa majumbani kwao na watu wasiojitambulisha. Oktoba mwaka huo wakimbizi wanne wa Uturuki walikamatwa Nairobi wakarudishwa kwa serikali waliyoikimbia. Novemba, Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitekwa Nairobi, akaja kuonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Niliposoma habari hizo niliwafikiria wale watu wa 1991 katika mashua zao. Wengine bado wako hapa, wamezaa, wamezeeka. Mmoja wao, bibi anayeuza vitumbua karibu na Msikiti wa Riyadha, aliniuliza kwa sauti ya chini kama nchi hii bado inamtaka. Nilimshika mkono nikamwambia yeye ni wetu. Lakini neno hilo lilipaswa kusemwa na mtu mwenye mamlaka kuliko mimi.

Februari 2025 yalikuja mawili kwa wiki moja. Tarehe 15, Umoja wa Afrika ulimchagua mwenyekiti wa kamisheni yake, na mgombea wa Kenya, marehemu Raila Odinga, aliyeongoza katika duru za mwanzo, akashindwa na Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti. Watu walieleza kwa lugha, kwa dini, kwa kanda. Mimi naona pia kwamba nchi nyingi zilipiga kura zikiitazama serikali iliyompeleka mgombea. Siku tatu baadaye kundi la wapiganaji wa RSF, linalolaumiwa kwa mauaji ya kutisha huko Darfur, lilikutana na washirika wake katika ukumbi wa mikutano wa KICC, Nairobi, kupanga serikali ya kushindana na ile ya Sudan. Sudan ikamwita balozi wake, na mwezi uliofuata ikafunga mlango kwa chai yetu. Miaka 20 tu tangu mkataba wa Sumbeiywo! Hicho ndicho kile alichonisihi yule mzee wa Norwe tusikipoteze, nacho kimepotezwa na watu ambao hawakutueleza kwa ukweli wamepewa nini badala yake.

Watu wengine huniambia mambo haya ni ya wakubwa, sisi tuhangaike na unga. Mimi huwatajia binti ya dada yangu. Yuko Ghuba, anafanya kazi za nyumbani, kama wasichana wengi wa pwani hii. Nyumba ya pili yuko Mfilipino. Mfilipino asipolipwa mshahara hupiga simu, na mwajiri wake anajua simu hiyo itapokelewa na mtu atakayefuatilia. Binti yetu alipokaa bila mshahara, alipiga nambari aliyopewa ikaita mpaka ikakatika. Siku aliyopata mtu wa kumsikiliza, aliambiwa avumilie amalize mkataba. Mwajiri aliyajua hayo yote bila kuambiwa. Heshima ya nchi ninayoililia ni hiyo: mtu aliye na uwezo juu yako, mbali na kwenu, afikirie mara mbili kabla ya kukudhulumu. Zulia jekundu la Washington halikumfikia mtoto huyu jikoni alipo.

Mwaka jana afisa mmoja alituita wenye nyumba za wageni kwenye mkutano, akatuomba tusiwe tukiwaelezea wageni mabaya ya nchi, tuwe wazalendo. Nilisimama nikamjibu kwa adabu kwamba wageni hawahitaji mimi niwaelezee; huja na simu zao, na mengine wameyaona kabla yangu. Wanachonihitaji kwacho ni kuwathibitishia kwamba Wakenya wenyewe tunayakataa. Nikimwambia mgeni kwamba hakuna kilichotokea tarehe 25 Juni, ataniona mimi na serikali ni kitu kimoja, na hatanisadiki hata nikimwambia maji ya Shela ni salama kuogelea. Nikimwambia kweli, na kwamba walioandamana ni watoto wetu, na kwamba mahakama bado zipo na magazeti bado yanaandika, huketi, huagiza chai nyingine, huuliza zaidi. Wengine hurudi mwaka wa pili na rafiki zao. Afisa yule alinisikiliza mpaka mwisho, namshukuru kwa hilo, ingawa hakuandika kitu.

Agosti 2027 tutapiga kura, na wagombea watakuja na boti zao za bendera kama desturi. Safari hii chama chetu cha akina mama kimeamua kwamba mgombea wa kiti chochote cha kitaifa akitaka kuzungumza nasi atajibu kwanza. Atatuambia atafanya nini na hukumu ya mpaka wa bahari, na wavuvi wa Kiunga na Kizingitini wavue mpaka wapi. Atatuambia ni nani atakayepokea simu ya binti zetu Ghuba, usiku na mchana. Atatuambia kama mtu aliyekimbilia Kenya atalindwa au ataviziwa, na nani aliidhinisha mkutano wa RSF katika ukumbi wa umma, na waliofiwa mwaka 2024 watapata haki lini. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa Langoni anatusaidia kuyapanga maswali, na kila mama amepewa la kwake alisome mwenyewe. La Haiti na Nairobi nimelichukua mimi.